Kaswera Hapigi Foto ya Gari Inayoshuka

Saa moja na nusu asubuhi ya leo niko kwenye mstari, mtaa wa Majengo, Goma, watu sita mbele yangu. Shati la shule limepigwa pasi, mkononi nina franga elfu mbili na mia tano za foto nne. Sisi wa mwaka wa mwisho tunatakiwa kuleta foto kwa dosie, faili ya mtihani wa Serikali, na siku ya mwisho ni kesho.

Nyumba ya foto ni chumba kimoja cha mbao kando ya barabara ya Rutshuru. Hakina sakafu. Chini ni mawe ya volkano ya mwaka 2002, yamebaki vilevile yalivyopoa, na kiti cha wateja kimefupishwa mguu mmoja ili kisimame sawa juu yake.

"Kaa muzuri, mutoto. Inua kidevu," ananiambia zamu yangu ikifika mwenye chumba, Marie-Louise Kaswera, mama wa miaka arobaini. "Usiniangalie miye. Angalia ule musumari."

Ninaangalia msumari. Anainua kamera, halafu anaishusha bila kupiga. Sikio lake liko upande wa barabara.

"Fuso," anasema. "Balifungua ingini yake hii wiki. Fundi hakufunga vizuri."

Kutoka ndani barabara haionekani. Tunangoja. Kidogo Fuso nyekundu inapita mbele ya mlango, inatoa moshi mweusi, inakohoa, na mstari mzima unacheka.

"Mama Benny, siku moja utaolewa na kamyo!" anapiga kelele Cyprien, fundi wa pikipiki ambaye kazi yake iko pembeni ya mlango huo.

"Ningeolewa na kamyo ningefika mbali, Cyprien. Zile pikipiki zako zinafika mpaka Kibati, halafu zinaomba kulala."

Halafu ananigeukia, "musumari, mutoto," na kamera inalia.

Wapiga foto wengine wa Goma wanatundika ukutani maharusi na watoto wa komunyo ya kwanza. Kwa Kaswera hakuna bibi harusi hata mmoja. Kuna foto ishirini na moja za kamyo moja, lori la Mercedes la zamani lenye pua ndefu, rangi ya kijani, kwenye kona moja ya mlima mmoja. Foto moja kwa kila mwaka, kuanzia 2002 mpaka 2022. Kwenye zote kamyo inapanda.

Foto ya mwaka huu wa 2023 haiko. Tangu mwaka jana barabara kati ya Goma na mlima ule imekatwa na vita. Na kamyo yenyewe, iliyobaki upande wa pili, inauzwa Alhamisi ijayo ili ikatwe vipande na kuyeyushwa.

Kaswera anasema foto ya ishirini na mbili itapigwa kabla ya Alhamisi. Wengi wanamuona kama mtu aliyerukwa na akili. Yeye anawajibu mmoja mmoja, bila kupunguza sauti.

Mlima huo unaitwa Kabasha. Ukitoka Goma unapita Kibati, Rutshuru, Kiwanja, unavuka uwanda wa Rwindi ndani ya mbuga, halafu barabara inasimama mbele yako. Inapanda kona baada ya kona mpaka Kanyabayonga, ambako baridi inakupokea na watu wanauza chai ya moto.

Kamyo yenye mzigo inaupanda kwa gia ya kwanza, mwendo wa mama aliyebeba mtoto mgongoni. Nyuma yake anatembea konvoyeri, utingo wa gari, mwanaume mzima, amebeba begani gogo lililochongwa upande mmoja. Ingini ikishindwa, analitupa chini ya gurudumu la nyuma kabla gari haijaanza kurudi. Akichelewa kidogo tu, gari na mzigo na watu wanaenda bondeni.

"Kule Ulaya kuko batu banapiga foto za treni kwenye milima," anasema Kaswera. "Nilibaona kwenye telefone ya mutoto wangu. Banakaa kwenye baridi siku nzima, banangoja treni moja. Hakuna mutu anabaita bachawi. Siye hatuna treni. Tuko na Kabasha."

Kila mwaka, mwezi wa nane wanafunzi wakiwa nyumbani na kazi ikiwa kidogo, anafunga chumba na kwenda. Anakaa kona ya tatu kutoka juu, upande wa bonde, kwa sababu kutoka pale gari inaonekana imeinua pua na nyuma yake kuna hewa tupu. Anasikiliza. Anasema kutoka chini kabisa anaweza kujua ni Fuso au Mercedes, na kama imebeba saruji au bia, maana bia inalia.

Kila gari anaiandika kwenye kaye, daftari lake: nambari, saa, mzigo, dakika kutoka chini mpaka juu. Amekwisha kupiga zaidi ya elfu mbili. Hajauza hata moja. Mashoferi anawapa bure.

Na gari ikiwa inashuka, hainui kamera.

"Kushuka hakuna kazi. Hata jiwe linashuka," anasema.

Ile kamyo ya kijani ina jina, Farida. Mwenye gari na shoferi wake ni Papa Useni, muzee wa miaka sabini, mtu wa Goma ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka Maniema. Farida lilikuwa jina la mama yake mzazi. Jina hilo liko juu ya kioo cha mbele kwa rangi nyeupe, na kila mara rangi ikichubuka analiandika upya yeye mwenyewe, hakubali fundi aguse.

Kaswera alimjua siku mbaya. Januari 2002 alikuwa na miaka kumi na tisa, anajifunza kazi kwa muzee Bulonza, mpiga foto wa katikati ya mji. Volkano ilipokuja, moto ulikula studio nzima, na foto zote za harusi za watu wa mtaa. Kaswera alitoka na sufuria ya shangazi yake kichwani na kamera ya muzee shingoni. Ndani ya kamera filimu ilikuwa imebakiza foto tatu.

Alipata nafasi juu ya Farida, iliyokuwa inakwenda kaskazini imejaa watu. Chini ya Kabasha, Papa Useni alisimamisha gari na kusema wenye miguu washuke watembee, wabaki wazee na watoto. Kaswera akatembea pembeni ya gurudumu. Kwenye kona ya tatu akasimama, akageuka, akapiga.

"Mama mumoja alinikemea sana," anakumbuka. "Alisema, 'Batu bamekufa, muji umeungua, na weye unapiga foto ya kamyo? Uko shetani ao uko mutu?' Nikamuambia, 'Mama, tangu jana hiki njo kitu cha kwanza ninaona kinapanda.' Alinitemea mate chini, akaendelea kupanda."

Zile foto mbili zilizobaki hakumbuki alizipiga wapi.

Mwaka mmoja baadaye alikwenda kuomba kazi ya kufagia kwenye ofisi moja ya misaada. Ukutani kulikuwa na kalenda. Mwezi wa tano alikuwa yeye: sufuria kichwani, mdomo wazi, macho mekundu. Chini waliandika kwa Kifaransa kwamba ni mwanamke anayekimbia volkano. Jina hapana.

Kaswera anasimama, anaweka kiganja chake kifuani kama kisu.

"Balikata foto hapa. Aparei yangu, ile kamera, ilikuwa hapa chini, ku kifua. Baliikata! Siku ile mupiga foto alikuwa miye, na bo banasema niko mwanamuke wa kukimbia."

Hakuomba tena ile kazi. Aliondoka, na mwaka huohuo akarudi Kabasha kumngoja Papa Useni.

Ndiyo maana mwezi wa pili mwaka huu, mwandishi mmoja wa habari, mgeni, alipoingia chumbani kwake na mkalimani, hakupata alichotaka. Alitaka mtu anayejua njia za kambi za wakimbizi huko juu ya Kibati, awapige foto wamama kwenye mahema. Dola hamsini kwa siku. Kaswera, siku nzuri, anapata wateja kumi na mbili, na akitoa karatasi, wino na umeme anabaki na dola nne.

"Nilimuambia niko na foto za kamyo, achague. Alicheka. Mukalimani akanivuta pembeni: 'Mama, ile ni pesa ya mwezi!' Nikamuambia, bale bamama banakuja hapa kwangu kupiga foto za kadi zao. Banachana nywele kwanza. Banapaka mafuta. Njo vile banataka kuonekana, na njo vile ninabapiga."

"Na hasira ya nyumbani?" anauliza Cyprien kutoka nje, maana yeye husikia kila kitu.

"Weye funga ile pikipiki."

Hasira ya nyumbani ilikuwepo. Mume wake, Adalbert, ni mwalimu wa shule ya msingi, na wana watoto watatu, wa kwanza Benny. Nilimkuta asubuhi hii ameleta chupa ya chai kabla ya kwenda darasani. Ni mtu mpole, anaongea taratibu kama anaandika ubaoni.

"Mimi nimeishi na hizi kamyo miaka kumi na sita," alisema. "Sikatai. Lakini 2021 ziliniumiza."

Mwaka 2021, usiku wa Jumamosi ya mwezi wa tano, mlima wa volkano uliwaka tena. Siku chache baadaye mji ukaambiwa uhame. Adalbert alibeba godoro, watoto wakabeba unga na maharagi, Kaswera akabeba sufuria kubwa imefungwa kitambaa. Walilala njiani karibu na Sake. Watoto wakaomba chakula. Adalbert akawasha moto kati ya mawe matatu, akafungua sufuria.

"Imejaa makamyo!" anasema Adalbert. "Foto kumi na tisa kwenye plastiki, na kaye zake zote. Nikamuambia, Mama Benny, toa tupike. Akasema hapana, mvua iko karibu."

"Mvua haikuwa karibu?" Kaswera anamuuliza.

"Ilikuwa karibu."

"Si ilinyesha?"

"Ilinyesha."

"Basi."

Walipika kwenye kopo la maziwa la jirani, mara tano, kidogo kidogo. Mwezi wa nane mwaka huohuo, ardhi ya Goma ikiwa bado na nyufa, Kaswera alipanda Kabasha na kupiga foto ya ishirini.

Vita vilimjaribu kabla ya hapo. Mwaka 2008 alikwama Kiwanja siku nne, amelala chini ya meza ya mama muuza nyanya, milango ya soko imefungwa na risasi zinapita juu. Siku ya tano akatafuta njia, akapanda. Lakini kosa kubwa alilifanya 2012, na anakubali mwenyewe kwamba mtu mwenye akili asingelifanya.

Mwezi wa nane mwaka ule, waasi walikuwa wanashika barabara kuanzia karibu na Goma mpaka mbele ya Kiwanja. Kaswera alifika kwenye barieri yao, kizuizi cha barabarani, akiwa na kamera, na ndani ya mfuko ile kaye. Miaka minne ya nambari za magari, saa za kupita na mizigo, kwenye barabara ambayo watu wanaipigania.

Komanda wa barieri aliisoma yote. Alisoma kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa.

"Nani amekutuma?" 

"Hakuna."

"Ni Kinshasa?"

"Kinshasa hawajui hata Kabasha iko wapi."

"Mama, miye niko askari miaka kumi na tano. Nambari, saa, muzigo. Hii ni kazi ya mupelelezi. Tena umeifanya vizuri kupita batu bangu."

"Ni kazi ya kupenda magari."

"Mwanamuke?"

"Mwanamuke."

Askari wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Komanda hakucheka. Alimweka ndani ya kibanda siku mbili. Siku ya tatu akaleta kiti barabarani, akakigeuza, akamkalisha Kaswera mgongo kwa barabara. Alimwambia, kama ni kweli unapenda magari, yataje bila kuyaona. Ukikosea, wewe ni mpelelezi.

Gari ya kwanza ilikuja kutoka Kiwanja.

"Fuso. Imebeba mbao, mbele yake nyepesi."

Ilikuwa hivyo. Ya pili alisema ni Mercedes tupu, inarudi kuchukua maharagi. Ilikuwa hivyo. Ya tatu ilikuja kwa kasi.

"Hii ni yenu," akasema. "Land Cruiser. Muambie shoferi wenu atoe mguu juu ya embreyaji, ile pedali ya gia, itaungua kabla ya Rutshuru."

Hapo komanda ndipo alipocheka. Akamwambia aende, foto zake hazina kosa. Kaswera akasimama, lakini hakwenda.

"Na kaye yangu?"

"Kaye inabaki."

"Basi nipe kurasa ambazo sijaandika. Zile nilizinunua, hakuna siri ndani."

Askari mmoja alimfanyia ishara anyamaze, aondoke na roho yake. Komanda akachana zile kurasa nyeupe, ishirini na kitu, akampa. Siku hiyohiyo jioni, Kanyabayonga, Kaswera alianza kuandika upya kila gari aliyoikumbuka. Alifika mia moja na kumi na sita. Kurasa zile bado anazo, na pembeni zimechanika vibaya.

"Alichana kama mutu hajasoma," anasema, na hiyo ndiyo inamuudhi mpaka leo.

Mwaka jana, mwezi wa nane, vita vilikuwa vimetulia kidogo na barabara ilipitika. Alipiga foto ya ishirini na moja. Miezi miwili baadaye Kiwanja na Rutshuru zilichukuliwa, na Farida ikabaki juu. Papa Useni anakaa Kanyabayonga kwa binti yake Saumu. Alifanya safari fupi za Butembo mpaka mafuta yakawa ghali kuliko mzigo. Sasa watoto wake wamepata mnunuzi, mtu wa Butembo anayeyeyusha vyuma na kutengeneza vyungu. Anakuja Alhamisi na msumeno.

Kutoka chumba cha Kaswera mpaka Kabasha ni kama kilomita mia na arobaini. Njia iliyobaki inazunguka: unavuka mpaka kwenda Gisenyi, unapita Rwanda, unaingia Uganda, unapanda mpaka Kasese, unarudi Kongo kwa Kasindi, halafu Beni, Butembo, Kanyabayonga. Siku tatu, nchi mbili za watu, na kati ya Kasindi na Beni magari yanapita kwa msafara wa askari kwa sababu ya mashambulizi. Tikiti ya kwenda tu ni dola mia moja na kumi. Alikuwa akiweka pembeni tangu mwezi wa tatu.

Adalbert anaiogopa ile njia ya Beni. Asubuhi hii, chai mkononi, alisema mbele yetu sote:

"Mama Benny, ukifa kwa biashara, nitajua la kusema kanisani. Ukifa kwa foto ya chuma cha zamani, nitasema nini?"

"Utasema alikuwa kazini."

"Si kazi."

"Basi sema alikuwa anapenda. Kanisani hawasemi mapendo?"

Adalbert akamimina chai kwenye kikombe cha mke wake, akafunga chupa, akasema atachelewa darasani. Mlangoni akageuka: "Uchukue lile koti langu zito. Kule baridi."

Lakini aliyekuwa anamkatalia hasa hakuwa mume. Saa mbili kasoro telefone iliita, na Kaswera, mikono ikiwa na makasi na foto zetu, aliifungua kwa sauti kubwa. Alikuwa Papa Useni. Kule kwa Saumu hakuna netwaki, inabidi muzee apande mpaka juu ya uwanja wa kanisa la Wakatoliki ili simu ishike.

"Kaswera mwanangu. Usikuje. Gari imekufa."

"Haijafa, papa. Ni batri."

"Nani alikuambia?"

"Saumu."

"Saumu anaongea mingi." Akakohoa. "Sikia. Hata ikiwaka. Unataka nishuke Kabasha tupu, nigeuze kule chini, nipande tupu, na weye upige foto?"

"Ndiyo papa. Mafuta nitalipa."

"Sikuuliza mafuta! Farida haipandi Kabasha tupu. Haijapanda tupu siku hata moja tangu niko nayo. Foto ya mwisho, batu baone chasi inatetemeka kama mutu hajakula? Mashoferi benzangu baseme Useni alipanda kutembea? Wallahi, heri ikatwe."

"Papa, weye uko muzee wa kiburi."

"Kiburi njo kimepandisha hii gari miaka yote."

"Na kama kuko muzigo?"

"Muzigo gani? Goma imefungwa. Kiwanja imefungwa. Kule chini kuko nyani ya mbuga tu."

Halafu sauti ikakatika. Kaswera akapiga tena mara tatu. Hakuna.

Cyprien alikuwa ameingia, mikono imejaa mafuta. "Muzee ana haki," alisema. "Hata miye siwezi kupigwa foto na pikipiki bila mteja nyuma."

Kaswera alikata foto zangu nne, akazipanga juu ya meza, lakini macho yake hayakuwa kwangu. Alisema polepole, kama mtu anayesoma kaye yake mwenyewe:

"Vitshumbi."

Vitshumbi ni kijiji cha wavuvi kwenye ziwa Edouard, kule chini ya uwanda. Samaki wao zamani walipanda kwa makamyo ya Goma. Tangu barabara ikatwe, wamama wanawaleta kwa pikipiki mpaka chini ya Kabasha, halafu wanabeba vikapu mgongoni, kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, mlima mzima mpaka soko la Kanyabayonga. Kaswera anamjua mmoja, Domitille, ambaye aliwahi kulala kwake akija kuuza Goma.

Alipiga. Domitille alipokea akiwa sokoni kwao Vitshumbi, kelele nyuma.

"Domitille, mulima munapanda siku gani?"

"Siku ya soko, dada. Jumanne. Juu ya nini? Unataka samaki?"

"Muko bangapi?"

"Saba. Migongo saba imekufa."

"Na vikapu?"

"Ishirini na nane. Tunapanda mara mbili, mara tatu. Dada, nini?"

"Kamyo ikiwangojea chini mutapanda?"

Kulikuwa na kicheko kirefu, halafu Domitille akawaita wenzake kwa sauti ya juu: "Eee bamama! Kuko mutu anauliza kama tutapanda kamyo!" Tulisikia soko zima linacheka ndani ya chumba cha Majengo. "Dada, hata ikiwa ya kuvutwa na ng'ombe! Lakini bei?"

"Bei ni mukae ndani, musishuke kwenye kona ya tatu."

"Hiyo ni bei gani?"

"Ni bei yangu."

Cyprien alipiga mikono. Mtu mmoja kwenye mstari alisema huyu mama angekuwa gavana. Kaswera hakucheka. Aliangalia saa. Mpaka wa Gisenyi unafunguliwa kesho saa kumi na mbili asubuhi. Akivuka wa kwanza, Jumapili jioni atakuwa Kanyabayonga. Jumatatu kutafuta batri. Jumanne soko. Alhamisi msumeno.

Kinachobaki ni muzee akubali kushuka. Kaswera alijaribu tena kupiga, hakuna. Makasi yalikuwa mkono mmoja, na mwingine umeshika kitambaa cha wino. Akanisukumia telefone.

"Mutoto, weye uko na mikono safi. Andika."

Nikaandika alivyosema, neno kwa neno. Mwanzoni niliweka "tafadhali", kwa sababu ni muzee. Akainama juu ya bega langu, akasoma.

"Toa hiyo."

"Mama, lakini ni muzee..."

"Njo maana. Ukimuambia tafadhali, atajua iko na mulango wa kukataa. Toa."

Nikaitoa. Ujumbe ukabaki hivi:

"Papa Useni, muzigo uko. Vikapu ishirini na nane vya samaki ya Vitshumbi, na bamama saba. Beko chini ya Kabasha Jumanne saa mbili asubuhi. Batri ninakuja nayo. Shuka ubabebe. Miye niko kona ya tatu. Farida haitapanda tupu. Kaswera."

Nilituma saa mbili na dakika kumi na mbili. Alama moja ikatokea, ile ya kusema umekwenda lakini haujafika.

Nikalipa, nikachukua foto zangu. Kwenye foto kidevu changu kiko juu kuliko nilivyojua kwamba kinaweza. Wateja waliendelea kukaa kwenye kile kiti, mmoja mmoja, na kati ya kila foto Kaswera alitupa jicho kwenye telefone juu ya meza. Alama moja. Saa nne, moja. Saa tano nilipotoka, moja.

Jioni nilipita tena kutoka shule. Chumba kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, karatasi mlangoni: "Niko safari. Rudini wiki ya pili." Kaswera alikuwa nje anafunga mfuko, koti zito la mwanaume juu ya mabega. Cyprien alimuuliza kama muzee amejibu.

"Bado."

"Na asipojibu, Mama Benny? Ufike mpaka kule, siku tatu, na yeye amekaa kwa Saumu anakunywa chai?"

Kaswera alivuta kamba ya mfuko mpaka ikalia.

"Cyprien, soma ile mesaji vizuri. Hakuna pahali nilimuuliza kitu."